Ngong, Naivasha au Nanyuki: Ulinganisho kwa Anayeanza Matembezi ya Porini

Mkazi wa Nairobi anayetaka kutumia siku tatu au nne za likizo akitembea kwa miguu, akiendesha baiskeli na pengine kulala hemani kwa mara ya kwanza, ana njia tatu zinazofikika bila shida kubwa. Ya kwanza ni kuendelea kulala nyumbani na kutoka kila alfajiri: siku moja Msitu wa Karura, siku nyingine Milima ya Ngong, na ya tatu Ol Donyo Sabuk, ng'ambo ya Thika. Ya pili ni kuhamia Naivasha na kupiga kambi kando ya ziwa, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate. Ya tatu ni kwenda Nanyuki na kutembea katika misitu na miteremko ya chini ya Mlima Kenya, bila kuwaza habari za vilele.

Wanaozipendekeza njia hizi aghalabu huzipima kwa uzuri wa mandhari au kwa bei. Vipimo hivyo vina haki yake, lakini kwa mtu ambaye hajajua bado magoti yake yatavumilia nini, kipo kimoja kinachotangulia: akichoka, akiteguka au akiingiwa na hofu akiwa katikati ya njia, atarudi vipi, na itamchukua muda gani? Mzoefu hujua mapema kwamba nguvu zinamwishia. Anayeanza hulijua jambo hilo likiwa limekwisha kutokea. Kwa sababu hiyo nimezilinganisha njia hizi kwa swali la kurudi kwanza, na mambo mengine yakafuata.

Njia ya kurudi

Karura haina mpinzani katika hili. Msitu huu wa hekta takriban 1,000, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania dhidi ya wanyakuzi wa ardhi katika miaka ya 1990, una njia pana zenye alama, vyoo, walinzi na malango kadhaa, na popote ulipo hutembei muda mrefu kabla ya kulifikia lango mojawapo. Sidhani kama Karura peke yake inatosha kuitwa likizo. Hata hivyo, ni mahali pazuri pa kuvaa viatu vipya kwa saa tatu na kugundua vinachubua wapi, kabla ya kugundua jambo hilo hilo mbali na nyumbani.

Milima ya Ngong inadai zaidi. Kutoka lango la Shirika la Huduma za Misitu (KFS), juu ya mji wa Ngong, njia hufuata mgongo wa milima ikipanda na kushuka kilele baada ya kilele hadi upande wa Kona Baridi, mwendo wa zaidi ya kilomita kumi. Kilele cha juu kabisa hufikia takriban mita 2,460, na upepo wake ndio uliowafanya KenGen wasimike hapo mitambo ya kuzalishia umeme. Upande mmoja Nairobi imetandazwa, upande wa pili ardhi inadidimia hadi Bonde la Ufa. Anayeanza anaweza kugeuka kwenye kilele cha pili au cha tatu akarudi alikotoka, akiwa ameyaona karibu yote ya kuonwa. Tatizo ni kwamba akishapita katikati, kurudi na kuendelea huwa sawasawa, na hakuna gari la kumfuata huko. Uamuzi wa kwenda mpaka Kona Baridi hufaa ufanywe kabla ya kufika katikati, na ufanywe na yule aliye dhaifu zaidi katika kundi, si yule aliyetangulia mbele kwa mbwembwe.

Ol Donyo Sabuk inafaa kundi lenye watu wa rika mbalimbali. Barabara ya gari hupanda kama kilomita tisa kutoka langoni hadi kileleni, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mama mkwe na wajukuu wanaweza kupanda kwa gari huku vijana wakitembea, na atakayeshindwa njiani akapandishwa. Njiani kuna makaburi ya William Northrup McMillan na mkewe. Ni McMillan huyo huyo ambaye jina lake wakazi wa Nairobi wanalijua kwa maktaba iliyofunguliwa mjini mwaka 1931. Msitu wenyewe ni mnene na mandhari hujificha mpaka karibu na juu, jambo ambalo huwavunja moyo wanaotaka kuona mbali kila hatua.

Katika Hell's Gate, njia ya kutoka Lango la Elsa hadi eneo la korongo ni barabara ya vumbi ya kama kilomita nane, karibu tambarare, ikipita kati ya kuta za miamba myekundu huku pundamilia, twiga na swala wakilisha pembeni. Hii ni miongoni mwa hifadhi chache sana za taifa nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli bila kuwa ndani ya gari. Anayechoka anageuza baiskeli. Anayepasukiwa na gurudumu anaisukuma, na magari ya wageni na ya askari wa hifadhi hupita mara kwa mara. Safari ya kurudi ina mwinuko mdogo ambao saa saba mchana huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Hilo tu ndilo la kuangaliwa, pamoja na breki za baiskeli za kukodi, ambazo yafaa zijaribiwe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kwa Nanyuki hali ni ya kati. Kutoka Lango la Sirimon, lililo kwenye kimo cha mita 2,650 hivi, njia ya kwenda kambi ya Old Moses, mita 3,300, ni barabara ya gari ya kilomita tisa, si kijia cha mawe. Kwa hiyo kugeuka ni rahisi, na gari lenye nguvu linaweza kupanda kumchukua mgonjwa. Lakini gari hilo lazima liwe limepangwa mapema na mwelekezi, kwa sababu hakuna la kupungia mkono huko. Zaidi ya hayo, kuchoka katika kimo hicho si kuchoka kwa kawaida, kama nitakavyoeleza.

Kuhusu Longonot

Ni lazima niutaje mlima huu, kwa kuwa makundi mengi ya ofisini na ya makanisa huuchagua kuwa safari ya kwanza, eti kwa sababu uko kilomita 60 hivi tu kutoka Nairobi na unaonekana kutoka barabarani. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita tatu na ushei za kupanda mfululizo katika vumbi la majivu ya volkano. Kuuzunguka ukingo ni kilomita saba nyingine zenye kilele cha takriban mita 2,780 ndani yake, kisha kuna kushuka. Kivuli ni haba, maji hayapo, na anayechoka akiwa upande wa pili wa kasoko hana njia ya mkato: kila upande ni mbali. Kwa kipimo cha njia ya kurudi, Longonot ni chaguo baya kwa anayeanza, ingawa ni mlima mzuri mno kwa safari ya tatu au ya nne. Anayeshurutishwa na wenzake aende mpaka ukingoni, atazame ndani ya kasoko, ale chakula chake, ashuke. Hapo atakuwa ametembea kilomita sita na ushei, naye hatakuwa na deni kwa mtu.

Hatari, kila mahali na yake

Katika njia ya kulala nyumbani, hatari kubwa Ol Donyo Sabuk ni nyati, ambao hujificha vichakani na kushtuka wakikurupushwa. Kwa hiyo anayetembea huko huandamana na askari wa Huduma ya Wanyamapori (KWS). Ngong, tahadhari inahusu binadamu zaidi kuliko wanyama. Milima hiyo iliwahi kuwa na sifa ya wizi, na hadi leo makundi hukodi mlinzi langoni, gharama ambayo ni ndogo wakigawana watu kadhaa. Asiende mtu peke yake.

Hell's Gate inaonekana pole kuliko zote, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Hatari yake imejificha katika korongo la Ol Njorowa. Korongo hilo hukusanya maji ya mvua kutoka miteremko ya mbali, kwa hiyo mafuriko yanaweza kushuka kwa ghafla ilhali anga juu ya watembeaji ni jeupe, na kuta ni wima kiasi kwamba mtu hana pa kukimbilia. Mwaka 2012 watu saba walikufa humo, na mwaka 2019 wengine saba. Tangu msiba huo wa pili korongo limewekewa vizuizi. Kanuni ni kuuliza askari wa langoni sehemu zipi ziko wazi siku hiyo, kukataa kabisa ushawishi wa mwelekezi anayejidai kujua kichochoro, na kutoingia msimu wa mvua hata kama wengine wanaingia. Likizo haipungukiwi kitu bila korongo, kwa maana mnara wa mwamba wa Fischer, wenye pimbi wanaoota jua chini yake, pamoja na kuta zote za njiani, viko juu kwenye usalama.

Wanyama wa huko pia wana adabu zao. Nyati wapo, na mwendesha baiskeli akiwaona husimama mbali na kungoja wapite au gari lifike. Nyani wa karibu na maeneo ya kupumzikia hupokonya chakula, hasa mkononi mwa mtoto. Ziwani, viboko hutoka majini usiku kula majani, na kambi nyingi zimeweka uzio wa umeme upande wa maji. Hema lipigwe ndani ya uzio huo, na safari za chooni usiku zifuate njia yenye taa. Mtu asijiweke kati ya kiboko aliye nchi kavu na maji, kwa kuwa huko majini ndiko kiboko anakokimbilia akishtuka.

Nanyuki hatari ni kimo na baridi. Dalili za ugonjwa wa mwinuko, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi, zinaweza kuanza kuanzia mita 2,500 hivi, na haziangalii ujana wala mazoezi ya mtu. Mkazi wa Nairobi ana nafuu kidogo kwa kuwa amezoea kimo cha mita 1,700, lakini nafuu hiyo haimfikishi mbali. Mtu anayetoka mjini asubuhi na kulala Old Moses usiku huo huo amepanda zaidi ya mita 1,500 kwa siku moja, na ni jambo la kawaida kumkuta amekaa kitako nje ya hema akishika kichwa. Nionavyo, anayeanza alale Nanyuki usiku wa kwanza, apande kuelekea Old Moses siku ya pili kadiri anavyojisikia vizuri, kisha ashuke kulala chini. Kichwa kikimwuma akiwa juu, dawa iliyo ya uhakika ni kushuka. Vidonge vya maumivu hupunguza dalili bila kuondoa chanzo. KWS nayo haimruhusu mtu kupanda peke yake, kwa hiyo mwelekezi ahesabiwe tangu mwanzo.

Upande wa Timau kuna Msitu wa Ngare Ndare, ambao kwa maoni yangu ndio sababu bora ya anayeanza kwenda Nanyuki. Matembezi huko huongozwa na askari wa msitu, kwa kuwa tembo hupita humo wakisafiri kati ya Mlima Kenya na nyanda za Lewa. Kuna mabwawa ya maji ya buluu chini ya maporomoko, na kuna njia ya kutembea juu kwa juu, takriban mita 450, iliyofungwa kwa nyaya katikati ya matawi ya miti. Mwenye kuogopa vimo huijua hofu yake baada ya hatua kumi, na huruhusiwa kugeuka.

Kufika

Ngong ni matatu ya 111 kutoka katikati ya jiji, kisha boda boda au miguu hadi lango la msitu. Ol Donyo Sabuk huhitaji matatu ya Thika na nyingine ya kutoka Thika, na asiyekuwa na gari atapoteza saa nyingi barabarani kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hapo ndipo njia ya kulala nyumbani inapoonyesha udhaifu wake, kwa sababu msongamano wa Thika Road jioni unaweza kumaliza utulivu wote uliopatikana mlimani.

Naivasha ni umbali wa kilomita 90 hivi. Matatu hukufikisha mjini, nyingine za kwenda Kongoni hupita barabara ya kusini mwa ziwa, na unashukia njia panda ya Hell's Gate, ambako baiskeli hukodishwa. Nanyuki ni karibu kilomita 200. Reli ya kwenda huko ilifufuliwa mwaka 2020, na safari yake, ingawa ni ya polepole kuliko matatu, ni burudani kwa wenye watoto. Ratiba ithibitishwe kabla ya kupanga kitu kingine chochote, kwa maana treni haiendi kila siku.

Msimu na fedha

Januari, Februari, na kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo miezi mikavu. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza udongo wa Ngong na wa Sirimon kuwa utelezi, na vuli ya Oktoba hadi Desemba haitabiriki. Julai na Agosti Ngong hufunikwa na ukungu asubuhi, jambo ambalo wenye kupiga picha hulichukia na wenye kutokwa na jasho hulishukuru. Naivasha huwa na joto zaidi mchana kuliko Nairobi lakini usiku hupoa, na Old Moses usiku hukaribia kiwango cha kuganda. Blanketi la nyumbani linatosha Naivasha, ilhali Nanyuki panahitaji mfuko mzito wa kulalia, ambao ni heri kuukodi kuliko kuununua kwa safari moja.

Ada za KWS na za misitu hubadilika, kwa hiyo sitaziandika. Zinaonekana na kulipwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na raia hubeba kitambulisho ili asitozwe kiwango cha mgeni. Lililo la kudumu ni muundo wa gharama. Anayelala nyumbani hulipa nauli na ada ndogo tu. Anayekwenda Naivasha huongeza malazi ya kambi na kodi ya baiskeli, na baiskeli nayo huingia hifadhini kwa ada yake. Anayekwenda Mlima Kenya hulipa ada ya hifadhi kwa kila siku, mwelekezi, na usafiri wa kutoka barabara kuu hadi langoni, ambao mara nyingi ndio unaowashtua watu. Kundi la watu wanne au watano hupunguza mzigo wa Nanyuki kwa kiasi kikubwa. Kwa mtu mmoja au wawili, Naivasha hugharimu kidogo.

Vifaa visimtie mtu hofu. Viatu imara hupatikana katika masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi, hema hukodishwa, na mkoba wa shule wa mtoto wa sekondari hubeba vyote vya siku moja. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi na misitu ya serikali, kwa hiyo chupa ya maji iwe ya kudumu. Lita mbili kwa kila mtu huenda zikatosha Hell's Gate asubuhi. Longonot ni tatu.

Nani achague ipi

Mwenye watoto wadogo, mzazi mzee, au asiyeweza kulala nje ya nyumba yake achague Karura na Ngong, na aiache Ol Donyo Sabuk iwapo hana gari. Wanandoa au marafiki wanaotaka kuonja kambi kwa mara ya kwanza, na ambao hawajawahi kutembea zaidi ya saa mbili mfululizo, waende Naivasha bila kusita: ni hapo tu ambapo mwili unaweza kushindwa siku ya kwanza na likizo ikaendelea, kwa kuwa siku ya pili inaweza kuwa ya mashua ziwani au matembezi ya Crescent Island, ambako hakuna mlima wa kupanda. Nanyuki naihifadhi kwa waliokwisha kutembea Ngong mwanzo hadi mwisho na kuamka kesho yake wakishuka ngazi bila kushikilia ukuta, au kwa wale ambao Ngare Ndare inawatosha na hawasumbuliwi na kutofika Old Moses.

Anayechagua Naivasha afike kambini kabla ya saa kumi jioni, apige hema kungali na mwanga, na alale mapema. Malango ya Hell's Gate hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Akiingia kabla ya saa moja atapata wanyama wakiwa karibu na barabara, upepo ukiwa baridi, na atakuwa amerudi Lango la Elsa kabla jua la mchana halijamkuta kwenye ule mwinuko mdogo. Ajulishe mtu aliyebaki nyumbani saa anayotarajia kutoka hifadhini, na katika simu yake aweke 112 ya dharura pamoja na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.